Redio Ing'ae, Mfutaji Asidhurike



Wapo watakaouliza: je, chama kimekosa la kusema hata ukurasa wa Kiswahili ujazwe habari za kufuta redio? Mshahara hautoshi, vibarua hawapewi barua za kazi, vumbi la saruji na majivu ya miwa yanatumaliza vifua, na huyu ndugu anatuandikia juu ya mng'aro wa spika! Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa.

Tazama ndani ya nyumba ya mfanyakazi hapa Lumino, au katika kambi za Tororo, au ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya. Utakuta kitanda, baiskeli, pengine cherehani ya mama, na juu ya meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, redio. Tena siku hizi si ile ya betri mbili tu. Ni amplifaya na spika zake, nyeusi, zenye rangi inayong'aa hata unaweza kujitazama uso. Chombo hicho hakikununuliwa kwa mshahara wa juma moja. Kilinunuliwa kwa kudunduliza, au kwa zamu ya upatu, au kwa mkopo ambao bado unakatwa. Na hicho ndicho benki yetu. Shule zikifunguliwa na ada haipo, mtoto akilazwa na dawa zinatakiwa, redio hubebwa kichwani kwenda dukani kuuzwa au kuwekwa rehani.

Sasa mwangalie mwenye duka. Haiwashi kwanza. Huiinamisha kwenye mwanga wa mlango akatazama ubavu wake. Akiona utando mweupe, au alama ya gundi ya lebo, au mistari ya kusugua, hapo hapo bei imeshuka, hata kama sauti ni nzuri kama siku ya kwanza. Basi anayejua kufuta chombo chake bila kukiharibu analinda jasho lake mwenyewe. Hilo ni jambo la mfanyakazi.

Lakini liko la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watu wengi hapa kwetu, wakitaka kutoa uchafu uliogandama, hukimbilia chupa ya soda yenye petroli, au tina ya kuchanganyia rangi. Jumamosi alasiri, mtu amerudi kutoka zamu, amekaa katika chumba kimoja chenye kidirisha kama kiganja, amelowesha kitambaa kwa petroli na anasugua. Watoto wamemzunguka. Nje ya kizingiti mama ameinjika maharage. Hapo pana hatari mbili zilizokaa pamoja, na wote wanacheka.

Hatari ya kwanza ni moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaenda zake, bali hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, hufuata mlango, na ukilikuta jiko huwaka na kurudi ulikotoka. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata mahali pa baridi kali kuliko barafu, seuze katika joto letu la ziwani. Hatari ya pili haionekani. Ndani ya petroli imo kemikali iitwayo benzini, ambayo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta saratani. Huharibu uboho, mahali damu inapotengenezwa, na inaweza kuleta saratani ya damu. Huingia kwa pua, na pia kwa ngozi ya mkono. Tina nayo ina toluini na jamaa zake, ambazo hulevya kichwa na kuchosha neva za anayezivuta kila siku. Yule kijana anayesema, "Nikimaliza kufuta spika kumi huwa naona kizunguzungu, halafu kinakwisha," ajue kwamba kinachokwisha ni kizunguzungu tu.

Na jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba petroli na tina haviifai hata hiyo redio.

Nieleze. Mng'aro wa vyombo hivi si wa aina moja. Redio na gramafoni za zamani za mbao, zile ambazo wazee wetu walizileta kutoka Jinja na Nairobi, baadhi zilipakwa shelaki, utomvu wa kidudu kutoka Bara Hindi ulioyeyushwa kwa spiriti. Kilichoyeyushwa kwa spiriti, spiriti itakiyeyusha tena. Futa mara moja kwa spiriti ya buluu na utaona rangi imehamia kwenye kitambaa. Masanduku mengine ya mbao yamepuliziwa laka ya kawaida ya mafundi, na hiyo huyeyushwa kwa tina. Ukiifuta kwa tina unairudisha ilikotoka, ikawa laini, ikashika nyuzi za kitambaa, ikakauka na mabaka. Spika za siku hizi zina rangi ngumu zaidi, ambayo haitayeyuka upesi, lakini hupoteza mng'aro na kubaki kama jicho lenye mtoto. Halafu kuna plastiki. Ule uso mweusi wa mbele na kile kioo cha namba, ambacho si kioo bali ni plastiki, vikiguswa na petroli au tina huingia nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka. Nyufa hizo hakuna fundi atakayeziziba.

Mafuta ya taa je? Moto wake si mwepesi kama wa petroli, lakini huacha utando wa mafuta ambao jioni hiyo hiyo unakusanya vumbi jipya, na mkono unabaki umekauka na kuwasha. Dawa ya meno, ambayo vijana hupenda kuisugulia mikwaruzo, ina chenga za kusugua. Itaondoa mkwaruzo mmoja mkubwa na kuacha mia midogo. Unga wa kusugulia sufuria sina haja ya kuueleza. Mama zetu walisugua vyungu kwa majivu na mchanga, na katika miaka ya 1970, siku za magendo, sabuni ilipokuwa adimu upande wa Uganda, majivu yaliokoa nyumba nyingi. Lakini sufuria ni sufuria.

Tangu korona ya mwaka 2020 kumeingia mtindo mwingine: kufuta redio kwa ile dawa ya kutakasia mikono. Mtu hujiambia kwamba kama haidhuru mikono haitadhuru spika. Dawa ile, kwa kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, ni alkoholi asilimia 75 au 80, na imetiwa gliserini kidogo ili ngozi isikauke. Alkoholi inashambulia shelaki na baadhi ya plastiki, na gliserini haikauki. Hubaki juu kama utando wa kunata, ambao ndio uliokuwa ukitaka kuuondoa tangu mwanzo.

Basi tufanyeje? Kwanza tujue uchafu wetu wenyewe, maana uchafu wa Lumino si wa Nairobi. Kabla barabara ya kutoka Musita hadi Busia haijatiwa lami tulikula vumbi jekundu mchana kutwa, na hata sasa njia za ndani bado ni za udongo. Tororo kuna vumbi la saruji, kwani saruji inatengenezwa pale tangu miaka ya 1950. Mashamba ya miwa yakichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi huruka na kutua ndani ya nyumba. Huku kwetu karibu na Majanji kuna unyevu wa ziwa na vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu, vikafia juu ya kila kitu chenye mwanga. Ongeza moshi wa kibatari, mafuta ya vidole, kinyesi cha mjusi, na gundi ya lebo ya bei.

Vumbi, hasa la saruji, ndilo adui mkubwa wa mng'aro, nalo halipaswi kusuguliwa kamwe likiwa kavu. Vumbi lile ni msasa. Anayepitisha kitambaa kikavu juu yake anapiga msasa chombo chake. Zima redio, chomoa waya ukutani au toa betri, na uiache itulie. (Usifungue kifuniko cha amplifaya ati unafuta ndani, humo mna vifaa vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Hiyo ni kazi ya fundi.) Puliza vumbi, au liondoe kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, toka juu kwenda chini. Saruji iliyopata unyevu ikaganda usiilazimishe. Laza kitambaa chenye maji juu yake kwa muda, kisha uipanguse taratibu bila kukandamiza.

Baada ya hapo, maji ya uvuguvugu na matone mawili matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo. Matone, si kofi. Kitambaa kiwe cha pamba laini, fulana kuukuu iliyofuliwa na kukatwa mishono na vifungo, au flana. Kikunje mara nne, ukichovye, ukikamue mpaka kisidondoshe. Pangusa kwa kwenda mbele, bila kukandamiza, na kila upande ukichafuka geuza upande mwingine. Ndiyo faida ya kukunja mara nne. Usimwage wala usipulizie maji juu ya chombo chenyewe, kwani yataingia kwenye vitufe na chini ya wavu wa spika. Fuata kwa kitambaa cha pili chenye maji matupu ili kuondoa sabuni, maana sabuni iliyokauka nayo ni utando. Maliza kwa kitambaa kikavu. Kwa uchafu mwingi wa nyumbani, pamoja na moshi wa kibatari, hii inatosha kabisa, ukiirudia mara mbili kwa subira.

Gundi ya lebo ndiyo inayowapeleka watu kwenye chupa ya petroli, kwa hiyo niiseme kwa kirefu. Usiikwangue kwa wembe. Weka kitambaa chenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika na mkono, kwa dakika chache, karatasi italainika na kutoka. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, yale yale ya jikoni, uyaache robo saa. Kisha isukume kwa kidole gumba, itajiviringa kama ugali mikononi. Ikibaki, rudia mafuta, usiongeze nguvu. Mwisho ondoa mafuta kwa maji ya sabuni. Ni kazi ya nusu saa badala ya dakika mbili, lakini haitoboi mapafu wala haiunguzi nyumba. Angalizo moja tu: mafuta yasifike kwenye ukingo wa mbao isiyopakwa rangi, yatanywewa na kuacha doa.

Na lolote utakalojaribu, hata maji ya sabuni, lijaribu kwanza chini ya chombo au nyuma, mahali pasipoonekana, usubiri likauke, ndipo uje mbele. Ukiona wingu jeupe ndani ya vanishi ya redio ya zamani, hilo si uchafu. Ni unyevu ulioingia kwenye shelaki. Ukilisugua utafika kwenye mbao kabla hujalifikia. Mpelekee fundi wa mbao. Wala usiifiche kwa polishi ya magari, kwani nyingi zina silikoni, na siku fundi atakapotaka kupaka upya, vanishi itakataa kushika na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Mafundi wanajua hasara hiyo.

Hayo ni ya nyumbani. Sasa nije kwa wale ambao kufuta na kung'arisha ni kibarua chao, maana wako wengi na hawasemewi. Kuna vijana katika maduka ya vyombo vya mitumba pande zote mbili za mpaka, ambao kazi yao tangu asubuhi ni kutoa lebo na gundi za zamani ili chombo kionekane kipya. Kuna wafanyakazi wa karakana za samani wanaotengeneza masanduku ya spika, wanaopuliza laka na kufuta masalio yake kwa tina. Hawa hawafuti chombo kimoja kwa mwezi. Wanafuta siku nzima, siku sita kwa juma, na mwisho wa siku wananawa mikono kwa tina ile ile.

Wakilalamika hupewa nini? Maziwa. Ndugu, jambo hili limeenea sana na limezoeleka mno, hata wafanyakazi wenyewe tunalidai kama haki: "Leo hatujapewa maziwa!" Ati maziwa husafisha kifua. Nasema wazi kwamba hiyo ni hadithi. Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa tina huenda kwenye mapafu na kutoka huko huingia katika damu. Njia zao ni mbili tofauti. Maziwa ni chakula kizuri na mwajiri akitaka kutupa atupe, lakini pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko kutoboa dirisha la pili na kununua feni ya kutoa hewa, na ndiyo maana tunapewa maziwa. Tukiyapokea na kunyamaza tumeuza dirisha kwa nusu lita.

Vivyo hivyo barakoa ya kitambaa. Inazuia vumbi kidogo. Mvuke inapita kama hewa inavyopita. Kinachozuia mvuke ni barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, kinachobadilishwa kwa wakati wake. Glavu nyembamba za hospitali nazo hulainishwa na tina upesi, na mkono uliolowa ndani ya glavu iliyotoboka uko vibaya kuliko mkono mtupu, kwani haukauki.

Tusiambiwe kwamba tunadai anasa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 136 mwaka 1971 juu ya benzini, na humo mlisemwa kwamba matumizi ya benzini, au kitu chenye benzini zaidi ya asilimia moja, kama kiyeyusho yapigwe marufuku, isipokuwa pale kazi inapofanyika katika mtambo uliofungwa au kwa njia nyingine zenye usalama sawa. Chumba cha nyuma ya duka si mtambo uliofungwa. Mwaka 2022 Shirika hilo hilo liliweka mahali pa kazi penye usalama na afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na haki ya kuunda chama. Hapa Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na majirani zetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na awaeleze wafanyakazi hatari za vitu wanavyovishika. Vifaa hivyo ni juu ya mwajiri, havikatwi katika mshahara.

Waajiri wadogo watasema: duka langu lina vijana wawili, mimi si kiwanda. Nakubali kwamba mwenye duka wa Lumino hana fedha za kiwanda, na sitaki chama kimvamie kama bepari mkubwa. Pengine jana yeye mwenyewe alikuwa kibarua. Lakini mengi ninayoyasema hayahitaji fedha. Mafuta ya kupikia ni rahisi kuliko tina. Kufutia kazi barazani badala ya chumba cha nyuma hakuna gharama. Kuandika TINA au PETROLI juu ya chupa ya soda, au bora kuacha kabisa kuitumia chupa ya soda, hakuna gharama, nako kunaokoa mtoto anayerudi kutoka shule na kiu. Yule mwenye kusema kijana anachelewesha kazi kwa maji ya sabuni na ahesabu spika alizozirudisha kwa wateja zikiwa na mabaka.

Kwa wale walio katika karakana kubwa zenye matawi ya chama, naona katibu wa tawi asisubiri mtu aanguke. Na aulize mambo machache katika mkutano ujao na uongozi: tina tunayotumia imetengenezwa na nini, na karatasi yake ya maelezo iko wapi, hewa inatokea wapi, kichujio cha barakoa kilibadilishwa lini, nani aliyepimwa damu. Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Na suala la maziwa liingizwe katika ajenda kwa jina lake, chini ya kichwa cha habari cha dirisha na feni.